Barua pepe ya kikundi inadai namba ya simu: tutoe ya nani?

Katibu_Msaidizi

Habari zenu wakuu. Kikundi chetu cha VICOBA kimeambiwa na benki kiwe na barua pepe ya kikundi, si ya mtu binafsi. Nimeanza kufungua Gmail, imefika mahali inadai namba ya simu na haisogei mbele. Viongozi ni watatu: mwenyekiti, katibu na mweka hazina, na uchaguzi ukifika wanabadilika.

Nauliza hivi. Namba iwe ya nani? Watu tutakaowaandikia wataiona? Google anaweza kuigawa kwa watangazaji? Na tukishamaliza kufungua, inaweza kuondolewa bila sisi wenyewe kufungiwa nje?

Kuna mtu ameshauri nitumie zile tovuti za namba za bure za Marekani. Naombeni majibu ya wanaojua, si ya kubahatisha.

---

Kufuli_Mbili

Mkuu, kisanduku kile kimoja cha kujazia namba kinabeba mambo matatu tofauti, na watu wakiyachanganya ndipo wanapoumia.

Kwanza ni kuthibitisha kwamba wewe ni mtu, si programu inayofungua akaunti elfu kwa mpigo. Unatumiwa meseji yenye msimbo wa tarakimu sita unaoanza na G-, au siku hizi unaonyeshwa picha ya QR uipige kwa simu. Namba moja hukubaliwa kwa akaunti chache tu. Ukijibiwa kwamba imetumika mara nyingi mno, si hitilafu ya mtandao na kurudia hakusaidii.

Pili ni namba ya kurejesha akaunti siku umesahau neno la siri. Tatu ni uthibitishaji wa hatua mbili, yaani msimbo unaodaiwa kila unapoingia kwenye kifaa kipya.

Kutoa namba kwa ajili ya hilo la kwanza hakukufungi uiache kwa hayo mengine mawili. Kwa kawaida baada ya kuthibitisha, Gmail inakuletea ukurasa mwingine ambao namba imeshajazwa tayari, na pembeni pameandikwa kwamba si lazima. Ifute hapo hapo. Pia kuna ukurasa unaokukaribisha upate faida zaidi kutokana na namba yako. Usome polepole: maandishi madogo yanasema namba itatumika kwenye huduma nyingine za Google, ikiwemo kufanya matangazo yakufae zaidi. Kitufe cha kukubali kimepakwa rangi, cha "Ruka" kiko kimya pembeni. Bonyeza Ruka. Wengi wanabonyeza chenye rangi kwa mazoea tu.

Kuhusu kuonekana: hapana, namba haiandikwi ndani ya barua unazotuma, hata mtu akifungua vichwa vyote vya ujumbe (yale maelezo ya kiufundi yaliyofichwa juu ya barua) hataiona. Ila kuna upenyo. Mtu yeyote anayeijua anwani yenu anaweza kwenda ukurasa wa "nimesahau neno la siri", na pale mara nyingi huonyeshwa nukta nukta kisha tarakimu mbili za mwisho za namba. Fanya hesabu: namba inayoanza na 075 imebakiza tarakimu saba. Mbili zikijulikana, zinabaki tano, maana yake namba 100,000 tu za kujaribu. Kwa kompyuta hiyo si kazi. Juni 2025 mtafiti mmoja alitangaza kasoro kwenye fomu ya zamani ya Google ya kurejesha akaunti, iliyoruhusu kubahatisha namba namna hiyo hadi ipatikane kamili. Google walishaiziba, lakini namba ambayo haijawekwa kwenye akaunti haina kasoro ya kuifichua.

Kuhusu matangazo, angalia mwenendo wa kampuni hizi. Twitter waliomba namba na barua pepe za watu "kwa ajili ya usalama", kisha wakazitumia kulenga matangazo kuanzia 2013 hadi 2019. Watu zaidi ya milioni 140 waliguswa, na Mei 2022 kampuni ikakubali kulipa dola milioni 150 huko Marekani. Facebook nao walifanya hivyo hivyo na namba za hatua mbili, na katika makubaliano yao na serikali ya Marekani mwaka 2019 wakakatazwa. Sisemi Google anafanya hivyo na namba yako ya usalama. Nasema ahadi ya "usalama tu" imewahi kuvunjwa na wakubwa, na watumiaji walijua baada ya miaka.

---

Nanasi254

Kufuli ameeleza upande wa mtoa huduma. Mimi niongeze upande wa laini, maana kwetu huku nambari ya simu si tarakimu tupu.

Laini imesajiliwa kwa kitambulisho, na Tanzania kwa alama za vidole pia. Isitoshe, yeyote akianza kutuma pesa kwa nambari hiyo anaonyeshwa jina la mwenyewe kabla hajathibitisha. Kwa hivyo nambari ikivuja, jina lako halisi limevuja nayo. Na nambari huvuja kweli. Udukuzi wa Yahoo wa 2013 uligusa akaunti zote bilioni 3, na miongoni mwa vilivyochukuliwa ni majina, nambari za simu na tarehe za kuzaliwa. Aprili 2021, nambari za watumiaji milioni 533 wa Facebook ziliwekwa hadharani bure.

Hatari ya pili ni laini kuhamishwa. Tapeli anapata taarifa zako, anakwenda au anapiga simu akijifanya wewe, nambari inahamishiwa kwenye kadi yake, na kutoka hapo kila msimbo unaingia kwake. Agosti 2019 akaunti ya Twitter ya Jack Dorsey, aliyekuwa mkuu wa Twitter yenyewe, ilitekwa kupitia nambari yake ya simu. Dalili ni moja: simu yako inakosa mtandao ghafla ilhali jirani mwenye laini ya kampuni hiyo hiyo anao. Usingoje kuzima na kuwasha. Piga kampuni ya simu kutoka laini nyingine, wafunge nambari, halafu kwenye kompyuta ondoa nambari hiyo kwenye barua pepe kabla hujashughulikia kitu kingine, kwa sababu aliye na barua pepe anaweza kubadilisha maneno ya siri ya kila mahali.

Walio Safaricom wanaweza kupiga *100*100# ili laini isiweze kubadilishwa na wakala yeyote, mpaka wafike wenyewe kwenye duka la kampuni. Na *106#, Kenya kwa Safaricom na Tanzania pia, inakuonyesha laini zilizosajiliwa kwa kitambulisho chako. Ukikuta usiyoijua, ripoti.

Hatari ya tatu watu huisahau: nambari iliyolala muda mrefu hufungwa na kuuzwa tena kwa mtu mwingine. Watafiti wa Chuo Kikuu cha Princeton mwaka 2021 walichunguza nambari 259 zilizokuwa zinapatikana kwa wateja wapya wa kampuni mbili za Marekani. 171 kati ya hizo zilikuwa bado zimefungamana na akaunti za watu kwenye tovuti maarufu. Mteja mpya hahitaji kuwa mdukuzi. Anaweka laini kwenye simu, misimbo inamfuata.

Kwa kikundi chenu hii ndiyo mbaya kuliko zote. Mkitumia nambari ya katibu, naye akaondoka kwa ugomvi au akapoteza laini, barua pepe ya kikundi iko mikononi mwake au mwa mtu msiyemjua.

---

Katibu_Msaidizi

Asanteni sana. Sasa nimeogopa kabisa. Basi nisitoe namba yoyote? Na zile tovuti za namba za bure vipi?

---

Zamu_ya_Usiku

Usiogope kupita kiasi, na za bure zisahau leo.

Tovuti zile zinaweka meseji zote hadharani. Namba moja inatumiwa na watu maelfu, na ukurasa unaonyesha kila msimbo unaoingia kwa yeyote aliyeufungua. Gmail wenyewe wanazijua nyingi na wanazikataa. Mbaya zaidi ni pale inapokubalika: umefungua akaunti, ukaiacha namba hiyo iwe ya kurejesha, kesho mtu mwingine anabonyeza "nimesahau neno la siri", anasoma msimbo pale pale kwenye tovuti, anaingia. Umeweka pesa za kikundi kwenye sanduku lenye ufunguo uliotundikwa mlangoni.

Kwenye suala la kutotoa namba kabisa, mimi sikubaliani sana na wenzangu hapo juu, au tuseme nakubaliana nao nusu. Mwaka 2019 Google walitoa matokeo ya utafiti walioufanya pamoja na vyuo vya New York na California San Diego. Msimbo wa SMS ulizuia mashambulizi yote ya programu za kujiendesha, asilimia 96 ya udanganyifu wa jumla wa kutumiwa viungo vya uongo, na asilimia 76 ya mashambulizi yaliyomlenga mtu mmoja. Kidokezo kinachotokea kwenye simu, kile cha kubonyeza "Ndiyo", kilifika asilimia 99 na 90 kwa aina hizo mbili za mwisho. Kifaa cha ufunguo kinachochomekwa kwenye kompyuta kilizuia yote.

Kwa hiyo SMS ni dhaifu ukiilinganisha na njia bora, lakini ni bora mara nyingi kuliko neno la siri peke yake, hasa neno lenyewe likiwa jina la kikundi na mwaka. Watu wengi hawaibiwi akaunti na mdukuzi wa laini. Wanaibiwa kwa kumtajia mtu msimbo kwenye simu ("samahani dada, nimekosea namba, nisomee hiyo uliyotumiwa"), au wanajifungia nje wenyewe. Anayeondoa namba bila kuweka kitu mahali pake amejiongezea hatari.

Ushauri wangu: kikundi kinunue laini yake. Kama mna cheti cha usajili, ulizeni kampuni ya simu kuhusu kusajili kwa jina la taasisi badala ya jina la mtu. Laini ikae kwenye simu ya kitochi ofisini au kwa mweka hazina, isitumike kwa M-Pesa, isiandikwe kwenye mabango wala kadi, isiwekwe WhatsApp. Namba isiyojulikana na mtu ni ngumu kuiwinda. Ila iwekeeni vocha na kupiga simu moja kila mwezi, iandikeni kwenye kumbukumbu za kikao kabisa, maana laini ya namna hii ndiyo hufa kimyakimya kwa kutotumika.

---

Kufuli_Mbili

Zamu kasema vizuri, na hilo la laini ya kikundi ni zuri kwa kufungulia. Ila msiishie hapo, kwa sababu tangu Mei 2024 Google inaruhusu kuwasha hatua mbili kwa programu ya kuzalisha misimbo bila kupitia namba ya simu kwanza. Zamani ilikuwa lazima namba ianze.

Fuata mpangilio huu, na usiruke. Kinachowaangusha watu ni kuondoa namba kwanza halafu ndiyo watafute mbadala.

Tumia kompyuta, ingia myaccount.google.com, nenda sehemu ya usalama. Washa uthibitishaji wa hatua mbili kwa programu kama Google Authenticator, Aegis au Ente Auth. Utaonyeshwa picha ya QR. Kabla hujabonyeza kuendelea, ipige kwa simu mbili, ya katibu na ya mweka hazina, kwa programu ile ile. Zote mbili zitakuwa zinatoa msimbo mmoja unaobadilika kila sekunde 30. Ukishaendelea, picha ile hairudi tena. Kuongeza simu ya pili baadaye kwa picha mpya ni kuanza upya, na ya kwanza itaacha kufanya kazi.

Msimbo ukikataliwa ingawa umeuandika sawasawa, angalia saa ya simu. Misimbo hii inahesabiwa kutokana na muda, na simu iliyowekwa saa kwa mkono ikikosea hata dakika mbili tatu inatoa tarakimu zisizolingana. Washa muda wa kujiweka wenyewe, tatizo linaisha.

Kisha toa misimbo ya akiba. Ni kumi, kila mmoja una tarakimu nane na unatumika mara moja tu. Chapa kwenye karatasi, tia kwenye bahasha, funga ndani ya lile sanduku la kikundi lenye kufuli nyingi. Usipige picha ya karatasi, kwa sababu picha inapanda kwenye Google Photos ya mtu na siri imekwisha. Ukizalisha seti mpya, ya zamani inakufa yote, kwa hiyo msiwe na karatasi mbili bila kujua ipi hai.

Weka barua pepe ya kurejesha. Hii iwe kwa kampuni nyingine, na yenyewe isiwe inarejeshwa kupitia hii ya kikundi. Nimeona mizunguko ya namna hiyo mara nyingi kwenye majukwaa: Gmail inatuma msimbo Outlook, Outlook inatuma Gmail, na mwenyewe yuko nje ya zote mbili.

Sasa jaribu. Fungua dirisha fiche la kivinjari, ingia kama mgeni kwa neno la siri na msimbo wa programu. Ukifanikiwa, ndipo uondoe namba. Iko sehemu tatu na zote upitie: ndani ya uthibitishaji wa hatua mbili, kwenye simu ya kurejesha akaunti, na kwenye maelezo ya binafsi palipoandikwa simu. Ukiitoa sehemu moja, nyingine zinaweza kubaki nayo.

Kwa siku 7 baada ya kubadilisha, Google bado anaweza kukubali kutuma msimbo kwenye namba au barua pepe ya zamani ya kurejesha. Ni kinga dhidi ya mwizi aliyebadilisha kila kitu usiku mmoja. Usitupe laini kabla wiki haijapita.

Sasa la viongozi watatu. Msigawane neno la siri. Gmail ya kawaida ina njia ya kumpa mtu mwingine ruhusa ya kusoma na kutuma kwa kutumia Gmail yake mwenyewe, hadi watu 10. Fanya kwenye kompyuta: mipangilio yote, kichupo cha akaunti, sehemu ya kutoa idhini ya kufikia akaunti yako. Aliyealikwa ana wiki moja kukubali, na inaweza kuchukua hadi siku nzima kuanza kufanya kazi. Hawezi kubadilisha neno la siri. Uchaguzi ukipita, unamfuta kwenye orodha na mambo yameisha, hakuna haja ya kubadilisha namba wala msimbo wowote. Angalizo moja: pale pale kuna chaguo la kuonyesha au kutoonyesha anwani ya aliyetuma. Lisipobadilishwa, benki wataona pia barua pepe binafsi ya mweka hazina kwenye kila ujumbe aliotuma yeye.

---

Ruwi_Maskati

Assalaam aleikum. Niingilie kidogo. Tuko wengi huku Oman ambao Gmail na Yahoo zetu zina namba za Zanzibar, na laini zenyewe zimeshafungwa kwa kutowekwa vocha. Akaunti bado iko wazi kwenye simu, ila kwenye kompyuta inadai msimbo. Kuna njia?

---

Zamu_ya_Usiku

Waaleikum salaam. Simu ambayo akaunti iko wazi ni dhahabu, usitoke kwenye akaunti, usiifute data, usiiuze. Fanya yote ukiwa nayo.

Kwa Gmail: kwenye simu hiyo fungua mipangilio, Google, kisha dhibiti akaunti, usalama. Itakuomba neno la siri na huenda ikakubali kufuli ya skrini. Ongeza ufunguo wa siri, ule wa alama ya kidole au sura, halafu programu ya misimbo na misimbo ya akiba, halafu badilisha namba iwe ya Oman au uiondoe. Kwenye kompyuta, pale inapodai meseji, bonyeza kujaribu njia nyingine. Mara nyingi itakupa kidokezo cha kubonyeza "Ndiyo" kwenye simu hiyo hiyo.

Kama hakuna kifaa kilicho wazi, jaribu kurejesha ukiwa kwenye simu au kompyuta uliyowahi kuitumia sana, na kwenye mtandao ule ule wa nyumbani. Google anapima hayo pia, si majibu unayoandika tu. Usijaribu mara kumi kwa siku moja, unazidi kutiliwa shaka. Acha siku kadhaa zipite. Hakuna ofisi ya kupiga simu, na anayekuambia ana mtu ndani ya Google wa kufungua akaunti kwa malipo ni tapeli, bila kubakisha.

Laini yenyewe ikiwa haijapewa mtu mwingine, inawezekana kuirudisha, lakini jiandae kufika mwenyewe kwa sababu ya alama za vidole. Wanaosafiri sasa hivi wafanye kinyume: kabla ya kupanda ndege waondoe utegemezi wa SMS.

Walio na Outlook wajue jambo moja. Ukiomba kubadilisha taarifa zote za usalama bila kuwa na hata moja ya zamani, Microsoft wanakuwekea siku 30 za kusubiri. Ukianza tena katikati, hesabu inaweza kuanza upya. Anza, andika tarehe, tulia.

---

Bweta_la_Barua

Hakuna aliyegusa swali la kuhama kabisa, na kwa kikundi kinachoanza upya ni la kufikiria.

Huduma ya barua pepe ya Tuta, ya Ujerumani, haidai namba ya simu. Akaunti mpya ya bure inaweza kusubirishwa hadi saa 48 kabla ya kuruhusiwa kutuma, kwa hiyo usiifungue asubuhi ya siku ya kuwasilisha fomu benki. Proton Mail ya Uswisi kwa kawaida inakuacha upite kwa fumbo la picha au barua pepe nyingine, mara chache hudai meseji. Zote mbili zinatoa hadi GB 1 bure, zinatosha kwa kikundi kwa miaka.

Bei yake iko kwingine. Barua zimesimbwa, yaani zimefungwa zisisomeke, kwa neno lako la siri, na kampuni haiwezi kukufungulia. Tuta wanakupa msimbo mmoja mrefu wa tarakimu na herufi 64 wa kurejeshea. Ukipotea pamoja na neno la siri, akaunti imekwenda. Proton wana maneno 12 ya kurejesha. Bila hayo unaweza kubadilisha neno la siri na ukaingia, lakini barua za zamani utazikuta zimefungwa huwezi kuzisoma. Pia akaunti ya bure isiyoingiwa inafutwa: Tuta baada ya miezi 6, Proton baada ya 12. Gmail ni miaka 2.

Halafu tusidanganyane kwamba "imesimbwa" ni sawa na "haijulikani ni ya nani". Mwaka 2024 polisi wa Hispania waliomba, kupitia mamlaka za Uswisi, taarifa za akaunti moja ya Proton. Barua hazikusomeka. Kilichotolewa ni barua pepe ya kurejesha ambayo mwenyewe aliiweka, ikawa ni ya Apple, na Apple wakawa na jina na anwani za nyumbani. Namba au anwani ya kurejesha ndiyo uzi uliovutwa. Kikundi cha VICOBA hakina cha kuficha kwa polisi, lakini kanuni ni ile ile kwa mwizi: unachoweka kama njia ya kurudi ndani ni njia ya kuingia pia.

Kwa kutoa anwani madukani na kwenye mitandao, msitoe hii ya kikundi. Gmail inakubali kuongeza alama ya + na neno kabla ya @, mfano kikundi+bima@gmail.com, na barua zitafika pale pale. Inasaidia kujua nani amegawa anwani, ingawa anayetaka anaweza kuikata hiyo sehemu. Kinga ya kweli zaidi ni anwani za kujificha, zinazopeleka barua kwenye anwani yenu halisi bila kuionyesha: Firefox Relay wanatoa 5 bure, SimpleLogin 10.

---

Katibu_Msaidizi

Nimeelewa. Tutanunua laini ya kikundi, tufungue Gmail, tuweke programu kwenye simu mbili, misimbo kwenye sanduku, halafu wengine wapewe ruhusa. Swali la mwisho: tukishaitoa namba, Google wanaifuta kweli au inabaki kwao?

---

Nanasi254

Haifutiki papo hapo. Google wenyewe wanasema data ikifutwa huchukua takriban miezi 2 kuondoka kwenye mifumo inayotumika, na inaweza kubaki kwenye nakala za akiba zilizosimbwa hadi miezi 6.

Kisheria mna pa kusimama. Tanzania ina Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya 2022, iliyoanza kutumika 1 Mei 2023, na kuna tume yake. Kenya tuna Sheria ya Ulinzi wa Data ya 2019 na kamishna wake. Zote zinataka taarifa itumike kwa lengo lililotajwa wakati wa kuichukua, na zinakupa haki ya kukataa isitumike kukutangazia. Ukiandika malalamiko, taja tarehe uliyotoa nambari, maneno yaliyokuwa kwenye skrini na picha yake. Kwa hivyo piga picha ya skrini ya usajili leo, kesho hutaipata.

Sehemu msiyoweza kuizuia ni simu za wengine. Kila aliyehifadhi nambari yenu kwa jina na kuruhusu orodha yake ya majina ipande mtandaoni ameshaipeleka bila ninyi kuulizwa. Truecaller, programu ya kuonyesha jina la anayepiga, ndio mfano unaojulikana. Nambari ikishaonekana huko, mwenye akaunti aifunge kwanza ndani ya programu, kisha aingie truecaller.com/unlisting aandike nambari akianza na +255 au +254. Ukiandika kwa kuanza na sifuri inakataa.